Ufundi wa Kuorodhesha: Mwanafunzi wa Ukutubi Mbele ya Kompyuta

Kuorodhesha vitabu ni kazi ya kukieleza kitabu kwa maneno machache hivi kwamba hata mtu asiyekijua aweze kukipata. Zamani maelezo hayo yaliandikwa kwenye kadi zilizopangwa katika droo. Siku hizi huandikwa kwenye kompyuta, na ndiyo maana mwanafunzi wa ukutubi husoma teknolojia ya habari sambamba na kanuni za kuorodhesha, awe katika Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka cha Bagamoyo au katika shule ya ukutubi ya Makerere, iliyoanza mwaka 1963. Kuchapa na kufungua mafaili hujifunzwa upesi. Kinachochukua muda, na kinachostahili sifa, ni uangalifu. Kompyuta hushika ilichoandikiwa, haikisii kilichokusudiwa. Kadi yenye kosa la herufi iliweza kuokolewa na jicho la msomaji aliyepekua droo. Rekodi yenye kosa hilohilo haitokei kwenye kioo, na kitabu kilicho rafuni huwa kama hakipo.

Mwanafunzi huanza na MARC, mfumo wa kuandika rekodi za vitabu uliobuniwa miaka ya 1960 katika Maktaba ya Bunge la Marekani chini ya uongozi wa Henriette Avram. Kila taarifa hupewa sehemu yake, na kila sehemu namba yenye tarakimu 3: 020 ni ISBN (namba ya kimataifa ya kitabu), 100 ni mwandishi, 245 ni jina la kitabu, 264 ni mchapishaji na mwaka, 300 ni kurasa na vipimo, 650 ni mada. Namba ya sehemu hufuatwa na viashiria viwili. Kiashiria cha pili cha 245 huieleza kompyuta iruke herufi ngapi inapopanga majina kwa alfabeti. Kitabu cha Kiingereza kinachoanza na “The” huandikiwa 4, yaani herufi tatu na nafasi moja. Kitabu cha Kiswahili kwa kawaida huandikiwa 0. Tarakimu hiyo ikikosewa, kitabu huhamia mahali ambapo hakuna atakayekitafuta.

ISBN nayo ina somo lake. Tangu mwaka 2007 ina tarakimu 13. Baada ya 978 hufuata namba ya nchi au eneo la lugha: 9976 na 9987 ni za Tanzania, 9966 ni ya Kenya, 9970 ni ya Uganda. Tarakimu ya mwisho ni ya kukagua zilizotangulia. Zile 12 za kwanza huzidishwa kwa 1 na 3 kwa kupokezana, kisha hujumlishwa, na ya 13 huchaguliwa ili jumla yote igawanyike kwa 10. Mwanafunzi aliyekwisha kufanya hesabu hiyo kwa mkono huelewa kwa nini mfumo hukataa namba iliyokosewa tarakimu moja.

Ugumu wenyewe huanza kwenye majina ya watu. Fomu nyingi za kompyuta hudai jina la ukoo litangulie, na huchukulia kwamba kila mtu analo. Katika pwani ya Afrika Mashariki jina la pili mara nyingi ni la baba na la tatu la babu. Bara nako, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong’o ni Ngũgĩ, mwana wa Thiong’o; kumweka chini ya T ni kumpoteza. Tena vitabu vyake vya mwanzo vilitoka kwa jina la James Ngugi, na alama zilizo juu ya herufi zake huachwa na wachapaji wengi. Shaaban Robert naye huweza kuwekwa chini ya S katika maktaba moja na chini ya R katika nyingine. Tiba ni faili la majina yaliyoidhinishwa. Mkutubi huchagua umbo moja la jina, huorodhesha maumbo mengine chini yake, na kuyaelekeza yote kwenye lile moja. Msomaji akiandika James Ngugi, hupelekwa kwa Ngũgĩ wa Thiong’o pasipo kuulizwa swali.

Zoezi linalokusanya mambo haya yote ni Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969. Mwandishi, katika 100, ni Shakespeare. Nyerere huingia katika 700, akitajwa kuwa mfasiri. Sehemu ya 240 hubeba jina la tamthilia asilia ili tafsiri zote zikutane pahali pamoja, na 041 hueleza kwamba kitabu ni cha Kiswahili kilichotoka Kiingereza. Ndipo linapokuja swali la rafu. Katika mpango wa kuainisha vitabu wa Melvil Dewey, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, fasihi ya Kiswahili ni 896.392, na tamthilia zake ni 896.3922. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein hukaa hapo. Mwanafunzi hushawishika kuipeleka tafsiri ya Nyerere papo hapo, lakini kanuni husema fasihi hufuata lugha iliyoandikiwa kwanza, hivyo kitabu huenda 822.33 pamoja na kazi nyingine za Shakespeare. Maktaba inaweza kuamua vinginevyo kwa faida ya wasomaji wake, mradi uamuzi huo uandikwe na ufuatwe kwa kila kitabu cha aina hiyo.

Utafutaji hufunza jambo ambalo vitabu vingi vya kigeni havilitaji. Mbinu ya kukata neno mwishoni, ili shina moja lilete maneno kadhaa, hufaa lugha zinazobadili miisho. Kiswahili hubadili mwanzo: mwalimu na walimu, kitabu na vitabu, jino na meno. Anayetafuta “mwalimu” peke yake hukosa kila kitabu chenye “walimu” katika jina lake, na kukata mwisho hakumsaidii. Mwanafunzi hujifunza kuunganisha maumbo yote mawili katika swali moja, na akiwa upande wa kuorodhesha hujifunza kutoiacha kazi yote kwa jina la kitabu. Vichwa vya mada katika 650 mara nyingi ni vya Kiingereza. Sehemu ya 653 humruhusu kuongeza maneno ambayo msomaji wa Kiswahili angeyachapa mwenyewe.

Yote haya hukusanyika katika programu ya maktaba kama Koha. Koha ilitengenezwa New Zealand mwaka 1999, pale maktaba za Horowhenua zilipohitaji mfumo mpya kwa sababu wa zamani usingeweza kuvuka mwaka 2000. Ilianza kazi Januari 2000. Kwa kuwa ni programu huria, chuo hakilipii leseni, na mwanafunzi anaweza kuiweka katika kompyuta yake akafanyia mazoezi. Humo huorodhesha, huazimisha, hupokea majarida na kubandika msimbomilia. Kwa itifaki ya Z39.50 huchukua rekodi iliyokwisha kuandikwa na maktaba nyingine. Urahisi huu una sharti: rekodi ya kuazima husomwa mstari kwa mstari, kitabu kikiwa mkononi, kwani toleo, mwaka au idadi ya kurasa huweza kutofautiana. Kitabu kisicho na rekodi popote huorodheshwa upya kuanzia ukurasa wa jina, na hapo ndipo ujuzi wa mwanafunzi hupimwa.

Mwisho huja utunzaji. Taarifa za nani ameazima nini ni siri ya msomaji. Huonwa na mhusika peke yake. Nakala rudufu ya hifadhidata hutengenezwa kila siku, na moja huwekwa nje ya jengo, kwa kuwa umeme ukikatika ghafla au diski ikiharibika, kazi ya miaka huweza kupotea. Nakala hiyo hujaribiwa kwa kurejeshwa kwenye kompyuta nyingine na kutafuta humo vitabu kadhaa kwa mwandishi, kwa jina na kwa mada. Vikipatikana kwa njia zote tatu, nakala imekubalika.