Fundi wa Ujirani

Pale Itetemia, Tabora, katika ardhi ya watemi wa Unyanyembe, kuna mzee mstaafu wa reli mwenye tangi la kioo la lita mia moja hivi sebuleni kwake. Majirani wameshalizoea. Mgeni ndiye hushangaa, kisha akavunjika moyo, maana alitazamia kuona rangi zikipishana. Anachokuta ni mawe ya kijivu, mchanga, makombe ya konokono yaliyozikwa nusu, na juu yake maji matupu. Samaki wenyewe ni wa aina mbili tu. Mgeni huuliza, mbona wachache hivi, Mzee? Naye hujibu bila kuacha kazi yake: "Wachache kwako. Wao wameenea."

Seremala husifiwa kwa alichokiunda. Mzee huyu nataka kumsifu kwa alichokataa kukiweka.

Samaki wake wametoka Ziwa Tanganyika, kwa muuzaji mwenye leseni kule Kigoma, wakaja kwa treni ndani ya mifuko ya plastiki iliyotiwa hewa. Wamepita njia kongwe. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mizigo mingi kati ya Ujiji na Bagamoyo ilipita hapa begani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mwaka 1858 Burton na Speke walirudi kutoka Ujiji kwa njia hiyohiyo, na katika mizigo ya Speke mlikuwa na makombe ya konokono wa Tanganyika, ambayo mwaka uliofuata yalielezwa na wataalamu huko London. Kwa wageni hao makombe yalikuwa kitu cha kuhifadhi kabatini. Kwa samaki wa mzee, kombe ni nyumba.

Dume wa samaki hao wa makombe hazidi sentimita tano. Ukimtazama kwa haraka utaona kitu cha rangi ya vumbi kisicho na maana. Kaa chini umtazame. Anachota mchanga kwa kinywa, anautema pembeni, anarudi kuchota tena, mpaka kombe linazama na kubaki mlango wake tu usawa wa mchanga. Jike hutaga humo ndani, na watoto wakitoka hubarizi mlangoni, tayari kurudi kivuli kikipita. Siku moja nilimwona mzee akitia mkono kunyoosha jiwe lililoegama karibu na kombe moja. Dume akatoka, akamgonga kwenye ukucha, akarudi nyuma kidogo, akamgonga tena. Mzee akautoa mkono, akajifuta kwa kanga ya mkewe iliyokuwa kitini. "Hapa ni kwake," akasema. Jiwe limeachwa vilevile, limeegama.

Upande wa pili, kwenye mawe, wanaishi wale wembamba wa manjano wenye mistari myeusi ubavuni, ambao wataalamu huwaita Julidochromis. Dume na jike wameshika ufa mmoja na hawaendi mbali nao. Hupita wakiwa wameelekeza tumbo kwenye mwamba, na mwamba ukijikunja juu yao, nao huogelea chali bila wasiwasi. Mchanga hawauhitaji. Wale wa makombe nao hawana haja na nyufa. Kati ya milki hizo mbili mzee ameacha upana wa kiganja cha mchanga usio na kitu, na hapo ndipo pande zote mbili huja kutishana, wakatanua mapezi, kisha kila mmoja akarudi kwake. "Nyumba ya kupanga haivunjwi na ubaya wa wapangaji," aliniambia. "Inavunjwa na mlango mmoja kugombewa na watu wawili."

Kuna waliokataliwa, na sababu zao zinafundisha kuliko sifa za waliokubaliwa. Mara kadhaa ameletewa Tropheus, samaki wa mawe anayependwa mno na wafugaji wa Ulaya kwa mikanda yake ya njano au nyekundu. Hakumpokea. Samaki huyo hushinda akila mwani kwenye miamba, na utumbo wake ni mrefu wa mla majani. Ukimlisha chakula kizito cha jirani zake tumbo humvimba akafa. Tena ni mkali kwa ndugu zake. Ukiwaweka wawili au watatu, mnyonge atapigwa mpaka aishe. Ndiyo maana wajuzi huwaweka kundi kubwa, kumi na wawili na zaidi, ukali ugawanyike usimwelemee mmoja. Kundi hilo halikai kwenye lita mia. "Mzuri," alisema mzee, "ila si wa hapa."

Ziwani kuna hata samaki aishiye kwa kunyofoa magamba ya wenzake. Mdomo wa kila mmoja wao umepinda kulia au kushoto, na yule aliyepinda upande mmoja hushambulia ubavu mmoja tu wa windo lake. Mwaka 1993 mtafiti wa Kijapani, Michio Hori, alionyesha kwamba wa kulia wakizidi, samaki wengine huulinda ubavu unaoshambuliwa na hao, kisha wa kushoto wakapata nafuu na kuongezeka, na hivyo pande mbili hukaribia kulingana. Hata mwizi amepewa kipimo chake. Lakini kipimo hicho kinahitaji ziwa lenye kina cha mita 1,470 na umri wa mamilioni ya miaka, ambamo aina zaidi ya 200 za ukoo wa sato na perege, karibu zote zisizopatikana kwingine duniani, zimepata muda wa kugawana mwani, dagaa, mchanga na nyufa. Mzee ana lita mia na uzee wake. Kazi ambayo ziwa liliifanya polepole, yeye anaifanya kwa kuchagua.

Na mji huu ulipaswa kulielewa jambo hilo. Tabora ilijengwa na wenyeji na wageni waliolazimika kukaa pamoja: Wanyamwezi, Wamanyema, Waarabu, Wabaluchi, watu wa pwani. Safarini watu waliwekeana utani, ili maneno makali yapate mahali pa kutokea bila damu, na hadi leo Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana msibani utaliona hilo. Mahali utaratibu ulipokosekana, kilichofuata kilikuwa vita. Mwaka 1871 mtemi Mirambo aliwashinda Waarabu wa Unyanyembe na wenzao, akaifunga njia ya Ujiji.

Sasa tazama tunavyofuga leo. Katika hoteli moja ya mji mkubwa niliona tangi refu kuliko kitanda. Humo mlikuwa na samaki wa dhahabu, ambaye asili yake ni maji ya baridi ya China. Mlikuwa na samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa wakimng'ata mapezi. Na chini alilala kambale mchanga ambaye akikua atawameza wote wanaoenea kinywani mwake. Mtumishi aliniambia kuwa asubuhi, kabla wageni hawajaamka, huwaopoa waliokufa kwa wavu, na dukani hununuliwa wengine wa rangi zilezile. Hakuna aliyeuliza wanakufa kwa nini. Rangi ikirudi, hesabu imefungwa.

Uzembe huu umewahi kufanywa kwa ukubwa wa ziwa zima. Katika miaka ya 1950, chini ya wakoloni, sangara alipelekwa Ziwa Victoria kwa kuwa ni mkubwa na ana nyama. Katika miaka ya 1980 akafurika. Furu, wale samaki wadogo waliokuwa aina mamia, wakaanza kupungua. Wataalamu hukadiria kuwa aina kama 200 zimetoweka, ingawa uchafuzi wa maji nao una sehemu yake. Sangara alileta viwanda na fedha Mwanza, hilo halikataliwi. Lakini Tanganyika wapo samaki wanne wa ukoo wa sangara, mgebuka akiwa mmojawapo, na hawakuwamaliza jirani zao, maana wamekua nao. Ubaya haukuwa wa sangara. Ulikuwa wa aliyemchukua bila kuuliza anakokwenda anaishi nani.

Maji ya Ziwa Victoria siku hizi yanafika Tabora kwa bomba. Mzee huyakinga kwenye ndoo, huyaacha wazi mpaka klorini iishe, kisha huyaongezea ugumu kwa mawe ya chokaa, kwa sababu maji ya Tanganyika ni magumu zaidi. Anafanya hivyo bila haraka, na hakuna kijana anayesimama kando yake kujifunza. Wajukuu wakija likizo hupiga picha ya tangi, wakaona haina rangi, wakaifuta. Akiondoka mzee, tangi litauzwa, na atakayelinunua atajaza samaki kwenye yale maji matupu ya juu katika wiki ya kwanza.

Basi wewe unayetaka samaki nyumbani, ukifika dukani usianze na bei wala rangi. Muulize muuzaji mambo matatu: huyu anakula nini, analala wapi, na akifukuzwa na mwenzake atakimbilia wapi. Akishindwa kujibu hata moja, rudisha fedha yako mfukoni.