Chumba cha Chini cha Edgar Church na Karatasi Iliyokataa Kugeuka Manjano

Mwaka 1977 Chuck Rozanski, kijana aliyekuwa akifanya biashara ya majarida ya katuni katika jimbo la Colorado huko Marekani, alialikwa katika nyumba moja mjini Denver ambayo wenyewe walikuwa wakiiondoa vyombo, na aliposhushwa katika chumba cha chini ya ardhi akaona, ndani ya kijichumba cha stoo, marundo ya majarida yaliyopandishwa moja juu ya jingine hata yakawa marefu kumpita mtu. Mwenye mali hiyo, Edgar Church, aliyezaliwa mwaka 1888, alikuwa mchoraji wa matangazo, na miongoni mwa kazi zake yalikuwamo matangazo ya kitabu cha simu. Aghalabu husemwa kwamba magazeti na majarida aliyajumuisha ili apate mifano ya michoro ya kumsaidia katika kazi yake. Majarida ya katuni peke yake yalipita 18,000, ya tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 hata miaka ya 1950, na ndani yake ilikuwamo nakala ya toleo la kwanza la Action Comics, la mwaka 1938, lililouzwa kwa senti 10 na ambalo ndani yake Superman alidhihiri kwa mara ya kwanza. Nakala hiyo ya Church wajuzi wengi wa fani hii huihesabu kuwa bora kuliko zote zilizobakia duniani.

Lakini lililowashangaza watu halikuwa wingi wake wala uadimu wake, bali hali yake: kurasa zilikuwa nyeupe, rangi za majalada zikimeremeta, ilhali nakala za miaka ile ile zilizokaa katika nyumba nyingine zilikwisha kuwa na rangi ya kahawia na kuvunjika pembe kila zilipoguswa. Na Church, kwa kadiri ijulikanavyo, hakutumia dawa yoyote wala kifuniko chochote. Basi ni nini kilichoyahifadhi?

Hatuna budi kuanza na karatasi yenyewe, kwa kuwa adui mkubwa wa jarida la katuni hatoki nje, amezaliwa nalo. Majarida yale yalipigwa chapa juu ya karatasi ya gazeti, karatasi rahisi itengenezwayo kwa mbao zilizosagwa kwa mashine bila ya kutolewa lignini, nayo ni ile gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti. Lignini hii ikipata mwanga na hewa hugeuka rangi, na katika kugeuka kwake huzaa tindikali. Tindikali nayo, ikisaidiwa na unyevu, huikata minyororo ya selulosi ambayo ndiyo nguvu ya karatasi, mpaka ukurasa ukipindwa huvunjika. Joto huuharakisha mwendo wote huo, na kanuni ya kukadiria itumiwayo na wahifadhi ni kwamba kila joto likipanda digrii 10 za Selsiasi, kasi ya uharibifu huongezeka kiasi cha maradufu. Kwa hiyo vitabu vya kale vilivyoandikwa juu ya karatasi ya matambara ya pamba au kitani huweza kutimiza miaka mia nne vikiwa imara, na gazeti la juzi likaachwa dirishani likawa manjano kabla ya mwezi kuandama tena.

Tukiipima stoo ya Church kwa mizani hiyo, mambo hudhihirika. Kwanza palikuwa na giza, na mwanga, khasa miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ndio unaofifiza wino na kuiwasha lignini. Pili, Denver umekaa juu ya nchi kavu, kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake kwa mwaka haifiki milimita 400, hivyo hewa yake haina maji mengi ya kuipa tindikali nafasi ya kutenda kazi. Tatu, chumba kilichozungukwa na udongo hakipati joto la mchana wala hakishiriki sana katika mabadiliko ya majira. Nipenye hapa kusema kwamba katika miji mingi ya duniani chumba cha chini ya ardhi ni mahali pabaya kuliko pote pa kuwekea karatasi, kwani maji hupanda sakafuni na ukungu ukafuata. Mtu aliyesoma kisa cha Church akakimbilia kuyashusha majarida yake chini ya nyumba bila ya kuitazama hali ya nchi yake, amefuata sura ya jambo akaiacha maana yake.

Wapenzi wa katuni huongeza sababu ya nne, nayo ni uzito wa marundo. Wasema kwamba majarida yalikandamizana hata hewa isipate pa kupita ila ukingoni, na kwa hivyo yakabaki meupe na yamenyooka. Hoja hii naikubali nusu. Ni kweli kwamba rundo lililoshikana huzuia vumbi, mwanga na hewa mpya, na ni kweli kwamba jarida lililolazwa sawasawa halipindi mgongo. Lakini uchunguzi uliofanywa katika Maktaba ya Bunge la Marekani umeonyesha kwamba karatasi yenye tindikali iliyokaa katikati ya rundo, au iliyofungiwa ndani ya plastiki, huweza kuchakaa upesi kuliko ukurasa mmoja uliowekwa wazi, kwa sababu mivuke ya tindikali itokayo ndani yake haina njia ya kutokea, ikarudi kuila karatasi ile ile iliyoizaa, kama moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha. Lau stoo ya Church ingalikuwa na joto na unyevu, nadhani uzito ule ungaliyadhuru majarida badala ya kuyafaa. Baridi na ukavu ndivyo vilivyotenda kazi kubwa.

Jambo hili lina athari kubwa katika kuvihukumu vifaa viuzwavyo leo. Mfuko wa PVC haufai kabisa, kwani hutoa mafuta yake na tindikali na kunata juu ya jalada. Mifuko ya polithini na polipropilini si mibaya, ila huchoka, nayo hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Iliyo bora ni ya poliesta, ile ijulikanayo kwa jina la biashara la Mylar, ambayo haina mafuta ya kulainishia na haibadiliki upesi, na maktaba kubwa huitumia. Nyuma ya jarida huwekwa ubao wa karatasi ngumu, na hapa mnunuzi hudanganyika kwa urahisi, maana ubao mwingine umepakwa kalisi kaboneti upande mmoja tu ilhali kiini chake ni karatasi duni kama lilivyo jarida. Utafutwe ule ambao kalisi hiyo imechanganywa katika unene wake wote, ndipo uweze kuinywa tindikali kwa muda mrefu. Kampuni ya CGC ya Florida, inayopima na kutoa daraja za majarida tangu mwaka 2000, hutia ndani ya kasha lake karatasi maalumu yenye mkaa na zeolaiti za kunyonya mivuke hiyo, na kuwapo kwa karatasi hiyo ni ushahidi tosha kwamba kufungia peke yake hakutoshi.

Mengineyo ni machache: mkanda wa kunata usiguse jarida kamwe, pini zikishika kutu zikabidhiwe fundi ajuaye, na kasha lisikae sakafuni wala ubavuni mwa ukuta wa nje.

Kwa msomaji wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, aliyekata na kuweka vipande vya katuni ya Juha Kalulu ya mchoraji Edward Gitau kutoka gazeti la Taifa Leo, hali ya Denver haipatikani, kwa kuwa hewa ya pwani hubeba unyevu unaopita asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka, ilhali unaotakikana ni wa 30 hadi 50. Asichague chumba kinachopigwa na jua la alasiri wala kabati lililobanwa ukutani, bali chumba cha ndani chenye kivuli, na kasha lifunguliwe mara kwa mara kutazamwa mchwa, mende na ukungu. Akiwa na uwezo wa mashine ya kupozea hewa, asiiwashe mchana akaizima usiku ili kupunguza gharama za umeme, maana karatasi huvimba ikinywa unyevu na husinyaa ikikauka, na huko kuvimba na kusinyaa kila siku huzichosha nyuzi na kuukunja mgongo wa jarida. Chumba chenye nyuzijoto 27 zisizobadilika ni salama zaidi kwa jarida kuliko kile kinachoshuka hadi 20 adhuhuri na kurudi 30 usiku wa manane.