Mwanamke katika Tamthilia ya Kimathi

Katika *The Trial of Dedan Kimathi* (1976), Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo wamempa Mwanamke ujasiri, na bastola ndani ya mkate, jina hawakumpa. Nyimbo na ngoma zimeubeba mchezo vyema. Hata hivyo, jinsi alivyoingia mapambanoni inasimuliwa tu. Wanaobadilika jukwaani ni Mvulana na Msichana. Vlassova wa Brecht, katika *Die Mutter* (1932, muziki wa Hanns Eisler), hujifunza kusoma mbele ya hadhira. Mama mchuma chai wa upande wa Londiani angemwona hapa shujaa aliyekwisha kukamilika, asimwone mwenziwe akiogopa, akisita, hatimaye akikubali. Tafsiri ya Kiswahili, *Mzalendo Kimathi*, haikuliziba pengo hili, maana si la lugha.