Ligi ya Mkoa: Mlango wa Soka ya Ridhaa Tanzania

Soka ya ridhaa, yaani ile inayochezwa na watu wasioajiriwa kwa kazi ya mpira, imepata katika ligi za mikoa za Tanzania Bara mfumo unaostahili pongezi, kwa sababu timu ya mtaani inayoanzia ligi ya wilaya inaweza kushinda ile ya mkoa, ikakutana na wenzake katika Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, na kutoka hapo ikapanda hatua kwa hatua hadi Ligi Kuu. Njia hiyo imekwisha kupitika: timu iliyoanzishwa mwaka 2004 na wafanyakazi wa kampuni za Bakhresa, ambayo leo ni Azam FC, ilianzia madaraja ya chini, ikafika Ligi Kuu mwaka 2008, na msimu wa 2013/14 ikatwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja.

Hata hivyo, sifa kubwa ni ya viongozi wa vyama vya soka vya wilaya na mikoa, wanaopanga ratiba, kukagua leseni za wachezaji na kuhakikisha kwamba uwanja wa vumbi umechorwa chokaa kabla mwamuzi hajapuliza filimbi, kazi ambayo aghalabu haionekani kwenye televisheni. Halmashauri na wafanyabiashara wa mikoani wawachangie mipira, nauli na posho za waamuzi, kwani bila hivyo ligi husimama katikati ya msimu.