Programu Ikijifunga, Nani Kaamuru?

Mwenye duka la jumla Kariakoo anapotafuta programu ya mauzo huonyeshwa kwanza risiti, rangi za kioo na hesabu ya stoo. Mimi ningemshauri aanze na namna inavyojifunga. Mashine ya risiti za kodi, EFD, iliyoanza kutumika nchini Tanzania mwaka 2010 chini ya Mamlaka ya Mapato (TRA), imewazoesha wafanyabiashara kutoa ripoti ya Z kila siku, yaani kufunga hesabu kwa maandishi. Programu nyingi zinazokaa kando yake hazina nidhamu hiyo. Zinazimika saa nane mchana wateja wamejaa, na lawama zote zinabebeshwa shirika la umeme, TANESCO.

Kipimo cha chini kabisa ni namba ya kutoka, ambayo programu huiacha inapofunga. Kwenye Linux, sifuri ni salama, 143 kwa kawaida ina maana programu iliombwa ifunge, na 137 kwamba iliuawa papo hapo, mara nyingi kwa sababu memori imeisha. Wapo mafundi wanaoona hiyo inatosha. Haitoshi, kwa kuwa namba haisemi ni sehemu gani iliyotoa amri, na amri inaweza kutoka ndani ya maktaba ya msimbo iliyoandikwa na mtu mwingine kabisa. Kazi ya fundi mzuri huandika kwenye logi, yaani faili ya kumbukumbu, mlolongo wa miito ulioifikisha programu hapo. Lugha ya Java toleo la 21, iliyotoka Septemba 2023, inaweza kufanya hivyo kila amri ya kufunga, Runtime.exit, inapoitwa, ila logi ya java.lang.Runtime lazima iwashwe katika ngazi ya DEBUG. Usiulize kama programu ni ya Java 21. Uliza kama logi hiyo imewashwa.

Atakayepinga atasema umeme ukikatika hakuna kinachoandikwa. Kweli, na Runtime.halt, amri ya Java ya kuzima papo hapo, nayo hupita kimyakimya. Lakini ukimya unakuwa ushahidi pale tu ambapo kufunga kwa kawaida huandikwa bila kukosa. Vinginevyo hautofautishi umeme na uzembe. Hoja kwamba logi itajaza diski nayo haina uzito, maana duka halifungi programu mara elfu kwa siku.

Basi kabla ya kulipa, mwambie fundi aifunge kwa kitufe chake, kisha kwa amri ya mfumo endeshi, kisha achomoe waya. Faili ya logi iwe na maingizo mawili ya kufunga, na ikiwashwa tena iandike yenyewe kwamba mara ya mwisho haikufungwa.