Jinsi Rufaa ya Mafao ya Ulemavu Inavyopimwa Marekani

Takriban watu wawili katika kila watatu wanaoomba mafao ya ulemavu nchini Marekani hukataliwa mara ya kwanza. Wapo wanaoikunja barua ya kukataliwa na kukata tamaa, na wapo wanaokwenda kujaza ombi jipya. Hawa wa pili ndio wanaonihuzunisha zaidi, maana nguvu ya kudai haki wanayo ila wanaipeleka pasipo faida. Ombi jipya huanza kuhesabiwa upya, na malimbikizo ambayo rufaa ingeyalinda tangu ombi la kwanza huweza kupotea.

Sheria ya mafao hayo haitambui ulemavu nusu. Anayestahili ni mtu asiyeweza kufanya kazi yoyote yenye kipato cha maana, kwa sababu ya maradhi au jeraha lililothibitishwa kitabibu, linalotarajiwa kudumu miezi 12 mfululizo au kumwua. Mtu asiye kipofu akipata kutokana na kazi zaidi ya kiwango kilichowekwa, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi, kwa kawaida ombi lake huishia hapo. Asipozidi kiwango hicho huulizwa kama maradhi yake ni mazito, kama yamo katika orodha rasmi, kama anaweza kurudia kazi alizofanya miaka mitano iliyopita, na mwisho, kama ipo kazi nyingine yoyote nchini anayoiweza.

Swali hilo la mwisho ndilo linaloamua kesi nyingi, na hutumia jedwali la mwaka 1978 linalochanganya umri, elimu, ujuzi na nguvu zilizobaki. Tuchukue mfano wa mama wa miaka 47 kutoka Kivu, aliyekuwa akifanya kazi ya mikono kiwandani hadi mgongo ukamshinda, na sasa anaweza kazi za kukaa tu. Darasa la saba alimaliza, Kiswahili anakisoma, Kiingereza hajui. Kabla ya tarehe 27 Aprili 2020 jedwali lilimpa mafao. Tangu siku hiyo kutojua Kiingereza hakuhesabiwi tena. Anayeweza kusoma na kuandika ujumbe mfupi kwa lugha yoyote huhesabiwa kuwa anajua kusoma, na jedwali linamwambia akatafute kazi. Naiona kanuni hii kuwa ni dhuluma, kwa sababu kazi za kukaa ndizo hasa zinazotaka mtu wa kuzungumza na kuandika. Mama huyohuyo akitimiza miaka 50, hali yake ikiwa ileile, jedwali humkubali. Ndiyo maana wakili mzoefu huuliza tarehe ya kuzaliwa kabla ya kutazama eksirei.

Aliye chini ya umri huo hana budi kushinda kwa ushahidi. Mapitio ya kwanza ya rufaa hufanywa na ofisa mwingine kwenye makaratasi, na wengi hukataliwa tena. Baada ya hapo ndipo anapofika mbele ya hakimu, na katika hatua hiyo karibu nusu hushinda. Hakimu humwita mtaalamu wa ajira na kumuuliza: mtu anayeweza kukaa saa kadhaa, kuinua uzito fulani na kukosa kazini siku kadhaa kwa mwezi, anaweza kuajiriwa? Siku za kukosa zikifika mbili au zaidi kwa mwezi, kwa kawaida mtaalamu hujibu kwamba hakuna mwajiri atakayemvumilia. Basi barua ya daktari isemayo tu kwamba “mgonjwa hawezi kazi” haisaidii kitu. Daktari aandike saa za kukaa na kusimama, uzito wa kuinua, siku za kukosa, na vipimo vinavyothibitisha hayo.

Hapa adabu yetu hutuponza. Daktari akimuuliza mgonjwa hali, hujibiwa “nzuri, namshukuru Mungu,” na faili likaandikwa kuwa anaendelea vizuri. Hakimu hulinganisha maoni ya daktari na kumbukumbu hizo, na zikipingana, kesi hudhoofika. Shukuru, kisha eleza maumivu. Ukisema unapika, sema pia kwamba unakaa mara ngapi kabla ugali haujaiva.

Aliyekataliwa ana siku 60 za kukata rufaa tangu apokee barua, na barua huchukuliwa kuwa imefika siku tano baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Mkalimani wa Kiswahili hutolewa bure, kwa hiyo usimbebeshe mwanao mzigo huo. Kwa mkataba wa kawaida wakili hulipwa ukishinda tu: robo ya malimbikizo, isiyozidi kikomo ambacho Novemba 2024 kiliwekwa kuwa dola 9,200. Na ushahidi wote uwasilishwe, au hakimu aarifiwe kuuhusu, si chini ya siku tano za kazi kabla ya kesi kusikilizwa.