Karama na Kosa la Kufundisha Sheria

Wasomaji wengi wa Kusadikika hulalamikia jambo moja: riwaya hii inachosha. Karama, aliyeshtakiwa kwa kueneza elimu ya uanasheria, anapewa siku sita za kujitetea, na kila siku anasimulia kisa ambacho kwa umbo ni kilekile. Mjumbe anatumwa mbali, anapata taabu njiani, anajifunza mambo ya manufaa, anarudi kwao, anatiwa gerezani. Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini: majina yanabadilika, hukumu haibadiliki.

Tuliirejea riwaya hiyo majira ya baridi yaliyopita hapa New Hope, kitongoji cha Minneapolis, tukiwa wasomaji wachache sebuleni, na lalamiko likazuka tena. Safari hii lilitoka kwa dada mmoja ambaye kazi yake ni ukalimani mahakamani. Kisha akajijibu mwenyewe: “Lakini mawakili ndivyo wasemavyo. Kesi hii, na kesi ile, na ile nyingine.”

Naona dada huyo alifika mahali ambapo uhakiki wetu umechelewa kufika. Tumezoea kukisoma kitabu hiki cha mwaka 1951 kama fumbo la ukoloni, na fumbo likishafumbuliwa tunakifunga. Usomaji huo si wa uongo, ila unaliruka shtaka lenyewe. Karama hakushika silaha. Alitaka watu waijue sheria. Tena anajitetea kwa njia ya wanasheria wa mfumo ulioletwa na Waingereza, yaani kwa kukusanya hukumu zilizotangulia. Tofauti ni kwamba wakili huzitaja hukumu za kale ili zifuatwe, naye Karama anazitaja mbele ya Majivuno na baraza zima ili zionewe haya. Kisa kimoja kingeitwa bahati mbaya. Visa sita ni desturi ya nchi. Marudio yanayotuchosha ndiyo ushahidi wake.

Shaaban Robert hakuwa mwanasheria, alikuwa mtumishi wa serikali. Lakini katika Tanganyika yake mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama za wenyeji. Aliyeshtakiwa huko alijisemea. Upweke wa Karama kizimbani haukutoka hewani, ingawa nchi yake iko angani. Oktoba 1961, mwandishi akiwa bado hai, chuo kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam, na kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria. Kosa la Karama likawa shahada.

Mwaka huohuo wa 1961, huko Florida, maskini mmoja aitwaye Clarence Earl Gideon alinyimwa wakili, akajitetea mwenyewe, akashindwa. Kesi yake ilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani, Florida iliyaomba majimbo mengine yaiunge mkono. Walter Mondale, mwanasheria mkuu wa Minnesota yetu hii, akafanya kinyume: alisaidia kuyakusanya majimbo zaidi ya 20 upande wa Gideon, na mwaka 1963 mahakama ikaamua kwamba mshtakiwa wa jinai asiye na uwezo apewe wakili.

Namtaja Gideon kwa sababu ananizuia kuukubali mwisho wa riwaya. Karama anashinda kwa ufasaha. Baraza linamsikiliza, wajumbe wanafunguliwa, nasi tunafunga kitabu tumeridhika. Je, angekuwa mtu wa maneno machache? Kusadikika ni nchi ambayo mshtaki, mshtakiwa na mfalme wote wanasema Kiswahili kimoja kitukufu, hakuna anayepotea njiani. Tanzania yenyewe ilingoja hadi mwaka 2021 ndipo sheria ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote. Kabla ya hapo Mahakama Kuu iliandika hukumu kwa Kiingereza hata pale ambapo mashahidi wote walisema Kiswahili. Katika jambo hili mwandishi aliota mbele sana, na ndoto hiyohiyo ikamficha mtu ambaye mwenzetu mkalimani hukutana naye kazini: yule anayejibu kwa neno moja, macho yakiwa chini.

Wajumbe sita wako hivyo. Tunawasikia kupitia kinywa cha Karama. Dada mkalimani aligeuza kurasa za mwisho mara mbili, akauliza kama Buruhani aliletwa barazani kuulizwa lolote kabla ya kufunguliwa. Tulitafuta pamoja naye hadi chai ikapoa.